Ukucha wa Mbwa Ukibadilika Rangi
Kijitabu cha kaya za Sola na vijiji jirani, Simiyu

Mbwa mmoja anaweza kuwa na kucha nyeupe mguu wa mbele na nyeusi mguu wa nyuma, na asiwe na ugonjwa wowote. Ukucha hufuata ngozi ya kidole unamoota. Ngozi ikiwa na melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili inayoleta weusi wa ngozi na manyoya, ukucha hutoka mweusi. Ikiwa kidogo hutoka wa kahawia. Isipokuwepo hutoka mweupe. Ndiyo maana mbwa wa madoa huwa na kucha za mchanganyiko, na mara nyingine ukucha mmoja una mistari. Rangi hiyo haikuambii kama mbwa ni mkali, mlinzi hodari au mwenye kichaa.

Kwa hiyo swali la mwenye mbwa ni moja tu: ukucha huu ulikuwa hivi tangu zamani, au umegeuka?

Kabla ya kujibu, muoshe mbwa miguu. Wakati wa masika mbwa anayefuata ng'ombe hurudi na miguu iliyogandwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka haukwanguki kirahisi. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa vinatosha. Hofu nyingi huishia kwenye beseni.

Ukucha mmoja ukiwa mwekundu au zambarau, kisha mweusi, mara nyingi umegongwa na damu imevilia ndani. Utaiona vizuri zaidi kwenye ukucha mweupe, ambao katikati yake huonekana nyama ya waridi yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ukimkata kucha, ishia kwenye ncha, kabla ya nyama hiyo. Kwenye ukucha mweusi haionekani, basi punguza kidogo kidogo. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika chache bila kufunua funua. Mbwa wetu hutembea sana, ardhi yenyewe huzisaga kucha zao. Ukucha unaohitaji jicho ni ule wa pembeni usiogusa chini, kwani hujipinda hadi kuchoma ngozi.

Kucha nyeupe zikigeuka za rangi ya kutu, pamoja na manyoya yanayozizunguka, huenda mbwa anajilamba mno. Mate yana kemikali inayoacha doa hilo. Doa lenyewe halina neno, ila tafuta kinachomwasha: viroboto, kupe, kidonda au fangasi. Fangasi na bakteria huacha utando wa kahawia kwenye mzizi wa ukucha, harufu mbaya, pengine na usaha.

Sasa funza, ambaye ni jambo la nyumba nzima. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu: aliingia pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akasambaa sehemu kubwa ya bara kwa nyayo za wasafiri. Jike huchimba ngozini, na ndani ya siku chache tumbo lake hujaa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Panua vidole vya mbwa na uangalie kando ya kucha na kwenye nyayo: utaona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati. Ukucha ulio jirani hubadilika, hulegea, hata kung'oka. Mayai huanguka kwenye vumbi, na mbwa anayelala jikoni au chumbani huyaacha palepale watoto wanapokanyaga pekupeku. Kumtibu mtoto peke yake na kumwacha mbwa ni kazi bure. Nyunyizia maji na fagia anapolala, vaeni viatu, naye afisa mifugo amtibu mbwa. Pini moja ya kutolea funza isipite kutoka mguu wa huyu kwenda wa yule, maana hupitisha pepopunda na virusi vya damu.

Kucha kadhaa za miguu tofauti zikipasuka na kung'oka moja baada ya nyingine, huenda ni ugonjwa wa mwili kujishambulia, na matibabu yake ni ya muda mrefu. Kwa mbwa mzee, kidole kimoja kilichovimba kisichopona kinaweza kuwa na saratani. Nyama ya ndani ya ukucha mweupe ikipauka, funua ufizi: ukiwa mweupe au wa manjano, na mkojo umekuwa mweusi, shuku homa ya kupe na usingoje kesho. Usimpe Panadol wala diklofenaki ya watu, zinaweza kumuua.

Nyayo na pua zikikakamaa, huku makamasi na kutetemeka vikifuata, huenda ni ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Haiambukizi watu, lakini mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuipeleka hifadhini. Chanjo yake ipo. Muulize afisa mifugo wa kata.

Unapomshika mguu mbwa mwenye maumivu, mtu mwingine amfunge mdomo kwa kitambaa laini. Watoto wakae mbali. Akikuuma, au akikukwaruza kwa ukucha aliotoka kuulamba, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko mdogo, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa. Cheti chake cha chanjo, kama anacho, uende nacho kituoni.