MBWA AKIUMA MTU, MWENYE MBWA ANAJIBU



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia ya kazi, viatu na vumbi. Leo tunaingia uani. Mbwa anatulindia nyumba usiku. Lakini siku anapouma mtu, mambo mawili yanaanza pamoja: dawa na sheria. Tujifunze yote mawili, maana anayekosea la sheria anaweza kuharibu la dawa.

Tuseme mtoto wa jirani ametumwa kununua sabuni. Mbwa wako amekata kamba na kumuuma mguuni. Unasema: «Mimi nilikuwa kazini, mbwa ametoroka mwenyewe.» Je, neno hilo linakuokoa?

SHERIA INASEMA NINI?

Halikuokoi. Kode sivile ya nchi yetu, kitabu cha tatu, inayotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ina kifungu cha 261. Kinasema: mwenye mnyama, au mtu anayemtumia, anajibu kwa hasara aliyoleta mnyama huyo, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka. Basi hata uliyemwazima mbwa kwa kuwinda, wakati yuko mikononi mwako, deni ni lako.

Hasara ni nini? Ni bei ya dawa, safari za kwenda kwa mganga, siku za kazi zilizopotea, na maumivu. Tena, kama mbwa aliuma kwa sababu ya uzembe wako, kifungu cha 54 cha Kode penale kinaweza kukupeleka gerezani siku 8 hadi mwaka 1, au kukutoza faini. Faini ni ya Serikali. Haiondoi deni lako kwa aliyeumwa. Lakini kama mtu mkubwa alimchokoza mbwa kwa makusudi, hakimu ataangalia kosa lake pia.

KOSA LINALOUA

Wengine wanaogopa kulipa. Wanamuua mbwa haraka, au wanamvusha kwa mtumbwi mpaka Lubunga wakisema hawamjui. Ndugu, deni halivuki mto likapotea! Tena umeharibu jambo kubwa: mbwa anatakiwa kufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, mganga anajua kwamba hakuwa na kichaa cha mbwa mateni siku ile alipouma. Mbwa akiisha kuuawa na kutupwa, nani atajua?

Wengine wanapatana kwa kuku na chupa moja ya pombe, kisha wanakaa kimya. Amani kati ya majirani ni njema, lakini kuku haoshi kidonda. Kichaa cha mbwa mara nyingi kinaonekana baada ya miezi 2 au 3, wakati kidonda kimekwisha kupona. Alama zake zikianza, karibu kila mgonjwa anakufa. Lakini tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, tunajua kifo hiki kinazuilika, kama hatukuchelewa.

FANYA HIVI

1. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Usitie pilipili, majivu wala mafuta.

2. Nenda kwa mganga siku ile ile. Usingoje siku 10 za mbwa kwisha. Sindano ni nyingi, kwa siku mbalimbali. Usiache katikati mpaka mganga aseme. Atafikiri pia juu ya pepopunda.

3. Mwenye mbwa amsindikize aliyeumwa, na amfunge mbwa wake. Kama ana karti ya chanjo, ailete.

4. Andikeni tarehe, mahali na majina ya walioona. Omba cheti cha mganga, tunza risiti zote. Mjulishe shefu wa kambi. Mkishindwa kupatana, nendeni polisi au tribinali.

5. Kama umeumwa kazini, mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo, ili iandikwe kuwa ajali ya kazi.

Mwenye mbwa, mchanje kila mwaka, mfunge vizuri, funga na lango. Bei ya chanjo na kamba ni ndogo mbele ya deni la tribinali, na ni ndogo kabisa mbele ya maisha ya mtoto.

JIULIZE NYUMBANI

Mbwa wako alichanjwa lini? Kamba yake ingali na nguvu? Watoto wako wanajua kwamba wakiumwa waseme mara moja, bila kuogopa fimbo?

Kama jibu moja linakosekana, anza leo.