Mtoto Asiyetulia: Dawa au Mwenendo wa Maisha?

Mtoto asiyetulia darasani, anayesahau anachotumwa na kurukia jambo kabla ya kufikiri, huitwa mtukutu na mara nyingi huambulia viboko. Huenda, hata hivyo, ana hali iitwayo kitaalamu ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopindukia. Wazazi hujiuliza: apewe dawa, au abadilishiwe mwenendo wa maisha?

Kwanza, tatizo lithibitishwe. Mtoto anayekesha mwaloni Kibirizi akisubiri mitumbwi ya dagaa irejee alfajiri atakosa utulivu shuleni. Huyo anahitaji usingizi, si kidonge. Asiyesikia vizuri, au aliyewahi kupata malaria kali iliyoathiri ubongo, aweza kuonyesha dalili zinazofanana. Mtaalamu huangalia kama dalili zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, tena nyumbani na shuleni. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ikihitajika.

Pili, mwenendo. Ratiba isiyobadilika, usingizi wa kutosha, michezo, maagizo mafupi na sifa anapofanya vyema humsaidia kila mtoto mwenye ADHD. Kwa aliye chini ya miaka 6, mafunzo ya malezi kwa wazazi ndiyo hutangulia. Samaki na dagaa ni lishe bora, lakini haviponyi ADHD.

Tatu, dawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliofuatilia watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kuwa dawa iliyosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili kuliko tiba ya tabia peke yake. Waliopata vyote viwili walihitaji dozi ndogo zaidi. Dawa itumikayo sana, methilifenidati, yaweza kupunguza hamu ya kula, kuvuruga usingizi na kuongeza mapigo ya moyo. Kwa hiyo daktari hupima uzito, urefu na shinikizo la damu mara kwa mara.

Tunakutahadharisha:

- Usimtulize mtoto kwa dawa za mafua au za usingizi.
- Usinunue dawa ya ADHD bila cheti cha daktari, wala usimpe mtoto dawa ya mwenzake.
- Usibadilishe dozi wala kusitisha dawa bila kumwona daktari.
- Ukiona madhara, toa taarifa mapema katika kituo cha afya.