Mama mkwe, watoto watatu na twiga wa Florida

Mdogo wangu wa Houston, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Mama mkwe anatua kutoka Tanga mwezi wa sita. Watoto ni watatu: wa miaka tisa, wa sita, na huyo kitinda mimba wa miaka miwili na nusu. Wewe unataka kuwapeleka wote Disney kule Florida. Shemeji anasema hatoi mamia ya dola kwenda kuangalia twiga wakati mama yake anatoka nchi ya twiga. Unaniuliza nani yuko sahihi.

Nimtendee haki shemeji kwanza, maana hoja yake si ya kijinga. Disney World ina bustani kubwa nne na kila moja ina kiingilio chake, na kiingilio hicho hupanda na kushuka kulingana na tarehe. Ungesema mnakwenda Magic Kingdom, ile yenye kasri, ningekuwa upande wake. Mama wa Tanga atakaa juani akingoja kupungiwa mkono na binti mfalme asiyemjua, halafu jioni atasema kwa adabu kwamba alifurahi. Mimi nawaelekeza Animal Kingdom. Na hapo kwenye twiga nina swali kwa shemeji: mama amewahi kupanda gari la watalii? Saadani iko jirani na Tanga, sawa, lakini wangapi kati yetu wa mwambao tumeingia Saadani? Kuwa na twiga nchini si sawa na kuwaona.

Basi nendeni, ila msiende kama wanavyokwenda wengi. Wengi hufika pale wakiwa na orodha ndefu ya mabembea na jioni wamegombana. Bustani hii haitaki haraka. Ni ya kukaa, kutazama na kula, na mkiichukua hivyo, mama na mtoto mdogo watakuwa wageni rasmi badala ya mizigo ya kusukumwa.

Amkeni mapema kweli. Geti hufunguliwa mapema kuliko unavyodhani, mara nyingi saa mbili asubuhi, na saa kamili ya siku yenu mtaiona kwenye programu yao ya simu. Umati ukishaingia hukimbilia Pandora, ile sehemu ya filamu ya Avatar iliyofunguliwa 2017. Waacheni wakimbie. Nyinyi vukeni daraja, piteni Mti wa Uhai, ule mbuyu wa kutengenezwa wenye urefu wa mita 44 na wanyama zaidi ya 300 waliochongwa kwenye shina na mizizi. Mwambie huyo wa miaka tisa kwamba ndani ya mti kuna fremu ya chuma ya aina ile inayobeba mitambo ya kuchimba mafuta baharini. Kisha shikeni njia ya Afrika moja kwa moja.

Mtaingia kijiji kiitwacho Harambe. Hakimo kwenye ramani yoyote ya dunia. Wabunifu wa Disney, wakiongozwa na Joe Rohde, walitembea Afrika Mashariki kabla ya bustani kufunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na mji walioutazama sana ni Lamu. Utaona kuta zilizobanduka chokaa, mabango ya Kiswahili yaliyofifia, na maandishi ya Uhuru 1961. Ule ubovu wa kuta wameutengeneza kwa makusudi, kwa gharama, na mafundi wanautunza usipate kupona. Lamu yenyewe iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, miaka mitatu baada ya nakala yake kuanza kuuza tiketi.

Hapo mpe mama muda. Atataka kusoma kila bango kwa sauti, na akianza kusahihisha usimkatize, kwani watoto hawatapata mwalimu mwingine wa namna hiyo. Mimi Harambe inanifurahisha na kunichoma kwa pamoja. Ni Lamu isiyo na punda, isiyo na adhana, isiyo na watu wa Lamu. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa Texas, ambaye Kiswahili anakijua kama lugha ya kugombezwa nyumbani, kukikuta kimeandikwa ukutani na watu wamelipa kuja kukipiga picha ni jambo. Mwache alifurahie, maswali mtayajibu mkiwa kwenye gari.

Safari ya wanyama inaitwa Kilimanjaro Safaris, na ndiyo sababu nimewaamsha. Mnapanda lori la wazi, dereva anaeleza njia nzima, na mnazunguka kwa takriban dakika ishirini ndani ya ekari 110. Twiga, viboko, tembo, faru weusi na weupe, duma, simba. Mibuyu mingi mtakayoiona ni ya saruji. Simba hawana uzio unaoonekana, lakini kuna mahandaki na vizuizi vilivyofichwa kwa ustadi, kwa hiyo mama akianza kusoma dua, mwache asome, ila gari halina hatari. Asubuhi wanyama wako macho. Kadiri jua linavyopanda wanatafuta kivuli na nyinyi mnaangalia migongo. Jioni foleni ikipungua rudini mara ya pili. Safari mbili hazifanani, wanyama hawana ratiba ya maonyesho. Njia ina matuta na lori linarusha, basi kama mama ana mgongo wa kulalamika mwulize mapema. Viti vya magurudumu vya kukodi vipo karibu na geti, na kuchukua kimoja si aibu, hata kama atakaa robo ya siku tu na robo nyingine kikabeba mikoba.

Kuhusu faru weupe mna hadithi ya kusimulia mkiwa foleni. Uganda faru walikwisha kabisa kwa ujangili. Walipoanza kurudishwa, katika hifadhi ya Ziwa, wanne walitoka Kenya, na mwaka 2006 wawili walitoka bustani hii hii ya Florida. Mwaka 2009 jike mmoja kati ya wale wa Florida akazaa. Baba wa ndama alikuwa wa Kenya, mama wa Marekani. Wakamwita Obama. Shemeji naye aisikie hiyo, huenda ikamlainisha.

Mkitoka safarini, kuna njia ya miguu ya kuwatazama sokwe wakubwa, Gorilla Falls, kivuli kingi, nzuri kwa mtoto anayetaka kushuka kwenye kigari. Halafu maonyesho.

Onyesho la Simba, Festival of the Lion King, ni la lazima. Liko palepale Harambe, ndani, penye ubaridi, na huchukua nusu saa hivi. Watazamaji hugawanywa pande nne: tembo, twiga, simba, ngiri, na kila upande hufundishwa kulia kama mnyama wake. Kuna wanasarakasi waliovaa kama nyani, mcheza moto, na waimbaji ambao mimi, mtu wa taarab, nawavulia kofia. Fikeni nusu saa kabla, na kaeni safu za chini kama mnaweza, kwa sababu mwishoni watoto huitwa kuandamana na wasanii. Kama kitinda mimba anaogopa kelele, kaeni karibu na njia ya kutokea. Onyo moja dogo: fisi wa filamu ile ya 1994 anaitwa Shenzi, na kule neno hilo halimkwazi mtu. Mtayarishe mama.

Lile onyesho la pili, la samaki Nemo, ni la vikaragosi vikubwa vinavyobebwa na waimbaji, nalo ni la ndani. Liwekeni mchana. Mwezi wa sita Florida ni joto la kuyeyusha, na alasiri mara nyingi radi huja. Radi ikikaribia, vya nje husimamishwa na kila mtu hukimbilia ndani kwa pamoja. Nyinyi mtakuwa mmeshakaa.

Mabembea nitayapitia haraka, kwa kuwa huyo wa miaka tisa atakuwa ameshayasoma yote. Expedition Everest, treni inayopanda mlima na kurudi kinyumenyume gizani, na Flight of Passage ya Pandora, yote mawili yanataka urefu wa sentimita 112. Mpime wa miaka sita nyumbani kabla hujamwahidi chochote. Kilio cha mlangoni hakina dawa. Kali River Rapids inataka sentimita 97, nayo inalowesha hadi nguo za ndani. Mzazi mmoja akipanda na wakubwa, mwingine hubaki na mdogo, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya; mwambieni mhudumu mlangoni mnataka hivyo. Nakuambia hili kwa sababu najua mnachopanga. Mama mkwe si yaya. Hajapanda ndege mbili kuja kukaa benchi na kigari huku nyinyi wawili mnapiga mayowe.

Chakula sasa, na hapa ndipo pesa zinapovuja. Wengi hawajui kwamba Disney inaruhusu kuingia na chakula chako, ilimradi si kitu cha kupashwa moto, hakuna chombo cha kioo, hakuna pombe, na barafu isiwe ya kumwagwa ovyo kwenye kasha. Kwa hiyo sambusa, kababu, chapati za kukunja na maembe yaliyokatwa vinaingia. Mama ataamka saa tisa usiku kuvipika, na usimzuie, ataona naye ameandaa safari. Maji ya baridi huhitaji kununua. Ombeni kwenye vibanda vya chakula, wanatoa kikombe bure. Mirija ya plastiki hamtaikuta, wala puto la kununulia mtoto, kwa ajili ya usalama wa wanyama. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna fataki usiku. Watoto watauliza, waambie mapema.

Ndani ya Harambe kuna bafe ya Tusker House, ambako bata Donald hupita meza hadi meza akiwa amevaa nguo za safari. (Shemeji asichangamkie jina. Si baa.) Watoto watafurahi, mfuko utanuna. Kwa maoni yangu iacheni. Mchana kuleni vya mama, mnunue kitu kitamu Tamu Tamu, na pesa ya bafe ipelekeni kwenye mlo mmoja wa jioni, nje ya bustani, katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge.

Si lazima mlale pale. Basi la bure hutoka bustanini kwenda hotelini, na mtu yeyote mwenye nafasi ya mezani anakaribishwa. Hoteli ina viwanja vyake vya nyika, na vina majina kama Arusha, Uzima na Pembe. Pundamilia na twiga hutembea chini ya madirisha. Vijana wa mapokezi watamsalimia mama "Jambo!" Akiwajibu kikamilifu, hujambo wewe, na watokako hawajambo, kijana anaweza kubaki anatabasamu tu, kwani wengi wa wanaoletwa kufanya kazi kama wawakilishi wa utamaduni hutoka kusini: Botswana, Namibia, Afrika Kusini.

Migahawa mikubwa ni mitatu. Jiko ni ya watu wawili walioacha watoto nyumbani, na mvinyo wa Afrika Kusini ndio fahari yake. Boma ni bafe, nyama na supu nyingi, imeelemea vyakula vya kusini kuliko vyetu, kwa hiyo msiende mkitafuta pilau. Ninakowatuma ni Sanaa, upande wa Kidani Village. Viungo vyake vina asili ya Bahari ya Hindi na India, na agizo lake maarufu ni kikapu cha mikate ya naan na wenzake kinachokuja na vibakuli tisa vya kuchovyea. Kwa mtu aliyekulia Tanga, mkono unajua cha kufanya. Madirisha ni makubwa na nje ni nyika. Kuhusu halali, msibahatishe: semeni siku ya kuweka nafasi, kisha mezani mwombeni mpishi aje aeleze, kwenye meza za kuhudumiwa wamezoea kuulizwa.

Na tarehe isogee popote ila isipite siku ya kuzaliwa ya kitinda mimba. Chini ya miaka mitatu mtoto haingii kwa tiketi. Akitimiza mitatu analipiwa kama dada yake wa miaka sita.

Nafasi ya mezani hufunguliwa siku 60 kabla, kwa hiyo kwa safari ya mwezi wa sita kaa tayari mwezi wa nne. Juni jua la Florida huzama baada ya saa mbili usiku. Chukua meza ya saa kumi na mbili na nusu au saa moja jioni, ili mwangaza uwepo bado. Mkifika ombeni karibu na dirisha. Hawaahidi, lakini sema mmekuja na bibi, na msimsogeze mama nyuma yenu mnapoyasema hayo.