Maswali Matatu ya Kuitambua Konsonanti: Mfano wa Kima'a

Wambugu wa milima ya Usambara, wilayani Lushoto, wana namna mbili za kusema. Moja ni Kimbugu cha kawaida, kinachokaribiana sana na Kipare. Nyingine ni Kima'a: sarufi yake ni ya Kibantu, ila maneno yake mengi ya msingi yana asili nyingine, hasa ya Kikushi. Humo mna konsonanti zisizokuwamo katika Kiswahili. Ukiwarekodi wazee au ukijifunza kwao, kila konsonanti iulize maswali matatu.

1. Hewa inazuiwa wapi? Midomoni kama *p*, kwenye ufizi kama *t*, au kwenye kaakaa laini kama *k*.

2. Inazuiwaje? Ikibanwa kabisa kisha ikaachiwa ghafla, ni kipasuo (*t*). Ikipenya kwa kukwaruza, ni kikwamizi (*s*). Ikipitia puani, ni nazali (*n*). Ikipita kandokando ya ulimi bila kukwaruza, ni kitambaza (*l*).

3. Nyuzi za sauti zinatetema? Shika koo, utamke *zzz*, kisha *sss*. Ile inayotetema ni ghuna. Isiyotetema ni sighuna.

Sasa ijaribu *hl* ya Kima'a. Weka ncha ya ulimi kwenye ufizi kana kwamba unasema *l*, na usiiondoe. Nyamazisha koo, kisha sukuma pumzi ipenye kwa nguvu kandokando ya ulimi mpaka ikwaruze. Hicho ni kikwamizi cha pembeni, cha ufizi, sighuna. Alama yake ya kimataifa ni ɬ. Wairaqw wa Mbulu wanayo pia, nao huiandika *sl*: *slee* kwao ni ng'ombe. Si *h* ikifuatwa na *l*, wala si *sh*.

Alama iliyo katikati ya jina *Ma'a* ni konsonanti kamili: kipasuo cha glota. Nyuzi za sauti hufungana, hewa ikakatika, kisha zikaachana. Usiichanganye na ile ya *ng'ombe*, ambayo hutuonyesha tu kwamba *ng'* ni nazali ya kaakaa laini.

Kwa hiyo usikimbilie herufi ya Kiswahili iliyo karibu. Ukiandika *sh* palipo na *hl*, atakayesoma kesho atalitamka neno ambalo mzee hakulisema. Mwombe arudie polepole, utazame kinywa chake, uandike majibu yote matatu, ndipo uchague herufi.