Mfumo Ukigoma, Karatasi Ipokelewe

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa na ripoti ya kukabidhi kesho yake. Umeme ulikuwepo, bando lilikuwepo, kompyuta nzima. Ripoti ndiyo haikuwepo: nilikuwa nimeihifadhi mtandaoni tu, na mtandao umekatika. Nikabadilisha laini, nikapanda mpaka ghorofa ya juu ya hosteli, kana kwamba intaneti inashuka kutoka mawinguni. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya bahari.

Wengi wetu tunadhani intaneti inatoka kwenye mnara wa simu. Mnara unakuvusha kipande kidogo tu cha njia. Ukifungua kitu kilichohifadhiwa ng'ambo, sehemu kubwa ya safari ni ya mkongo uliolazwa baharini. Siku ile mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda wetu zikayumba.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa mjanja kuliko mimi. Yake ilikuwa kwenye flashi, akaichapisha asubuhi na mapema. Mimi nikaandika yangu upya kwa mkono, nikikumbuka na kubahatisha. Tukafika idarani pamoja. Jibu lilikuwa moja: "Wanangu, siku hizi hatupokei karatasi. Subirini mfumo." Mfumo uliporudi tukahesabiwa wote tumechelewa. Yeye aliyejiandaa na mimi mzembe, alama zilikatwa sawasawa.

Ndiyo maana ushauri wa "jiandaeni, wekeni nakala" naukubali nusu. Kuweka nakala, weka. Lakini kozi tunasajili kwenye mfumo, ada tunalipa kwa kontrol namba, bumu na matokeo vilevile. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Mtu asiyeweza kukwepa mashine anahitaji njia ya pili inayotambulika upande wa pili wa dirisha.

Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Julai, tatizo halikuwa mikongo, zikaugua kompyuta zenyewe. Sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege nyingi zilibaki chini. Ila katika baadhi ya viwanja vya India wafanyakazi walichukua kalamu, wakawaandikia abiria pasi za kupandia ndege kwa mkono. Na watu wakapanda! Si kwa sababu kalamu ina maajabu; mlangoni walikubali kuipokea ile karatasi.

Kwa hiyo ninachoomba serikali yetu ya wanafunzi ikidai kwa uongozi ni kifupi: mfumo ukigoma, kazi ya karatasi ipokelewe, igongwe muhuri wenye tarehe, jina liandikwe kwenye kauntabuku, na muda wa mwisho usogezwe kwa siku zilizopotea. Iwe kwa maandishi, kabla ya mitihani, maana alama tano mimi zilinipeleka sapu. Mwakilishi wetu wa kozi nimeshampa hoja hii. Wako mwulize kama anayo.