Makureshi Walimjua Muumba

Wengi wetu hudhani ya kuwa tauhidi ni kukiri tu kwamba Mungu yuko, naye ndiye Muumba. Lau ingekuwa hivyo, Makureshi wa Makka wasingeitwa washirikina. Kwani Kurani yatwambia kuwa wao, wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, hujibu ni Mwenyezi Mungu. Basi kosa lao li wapi? Waliyaabudu na kuyaomba masanamu, wakidai kuwa yawakurubisha tu kwake.

Kuzuru makaburi na kuwaombea maiti ni suna, wala hatukukatazi. Lakini wewe uendaye kwa walii na ubani na kitambaa, ukamwomba yeye akupe mtoto, na ukiulizwa wasema, “Huyu ni wasila tu,” udhuru wako wazidi nini udhuru wa Makureshi?