Somo la 31: Karanga ilitoka wapi?

Jioni sokoni, mama ameketi mbele ya beseni la karanga za kukaanga. Mtoto anatoa franka zake, mama anampimia kwa kikombe kidogo. Mtoto anakwenda akila, akipuliza ngozi nyekundu. Ukimwuliza: «Karanga ilitoka wapi?» atajibu: «Shambani kwetu. Babu wa babu zetu walipanda karanga.» Amesema kweli, lakini si kweli yote.

Asili ya karanga ni Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na Argentina ya leo. Watu wa kule waliilima tangu miaka elfu nyingi. Mwaka 1987, katika nchi ya Peru, mahali paitwapo Sipán, wataalamu walifukua kaburi la mtawala wa kale. Walikuta mkufu wenye umbo la karanga: 10 za zahabu na 10 za feza. Basi karanga ilikuwa kitu cha heshima.

Katika karne ya 16, merikebu za Wareno zilileta karanga katika pwani za Afrika. Watu hawakuiogopa. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa na njugu mawe, mmea wa Afrika yenyewe, nao huzaa chini ya udongo vilevile. Wakongo waliiita karanga nguba.

Kisha ikaja huzuni. Watu wengi walikamatwa, wakauzwa, wakavushwa bahari mpaka Amerika. Walinyang'anywa nchi na ndugu, lakini maneno yao hayakupotea yote. Hata leo, upande wa kusini wa Marekani, karanga huitwa pia «goober»: ndilo neno lile nguba.

Mmea huu una tabia ya ajabu. Ua lake la manjano huchanua juu, asubuhi. Likinyauka, kijiti hutoka pale, hushuka, huingia udongoni, na ncha yake hugeuka kuwa ganda lenye mbegu. Ndiyo maana mkulima hulegeza udongo: ukiwa mgumu, kijiti hakipiti. Katika kilo 1 ya karanga, karibu nusu ni mafuta, na robo ni chakula cha kujenga mwili.

Lakini karanga ina adui, ndiye ukungu. Mwaka 1960, katika Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Wataalamu walitafuta, wakaona sumu yake, wakaiita aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la mtu pia, na kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hiyo mama mwenye akili huanika karanga juani mpaka zilie ndani ya ganda zikitikiswa, huziweka mahali pakavu, na zilizogeuka rangi au kuwa chungu huzitupa, hata kama ni nyingi. Methali husema: Akiba haiozi. Lakini karanga iliyowekwa na unyevu huoza.

Maulizo
1. Asili ya karanga ni wapi?
2. Kwa nini watu wa Afrika waliipokea upesi?
3. Neno nguba lilifikaje Marekani?
4. Kwa nini mkulima hulegeza udongo?
5. Nyumbani kwenu karanga huanikwa namna gani? Eleza.